Saa Tatu na Arobaini

Dubai si mbali, alisema wakala wa tiketi pale Barabara ya Digo,
akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee:
kilomita elfu tatu na mia sita na kitu,
saa tano angani, mzigo kilo thelathini.
Mamangu akapiga hesabu yake mwenyewe.
Lamu kwa basi ni saa saba, na vumbi juu.
Nairobi ni usiku kucha na mgongo kukatika.
Kwa hivyo Dubai, akahukumu, iko njiani tu,
hata Lamu hujafika.

"Ndege yaondoka saa ngapi?"
Nikaisoma karatasi. Tatu, nukta mbili, arobaini.
"Saa tatu na arobaini," nikasema,
mimi mwenye diploma ya uhasibu,
mimi nishindaye na namba kutwa nzima bandarini.
Namba ile niliisoma kwa mdomo wa nyumbani.

Wiki nzima Tudor ilinukia iliki.
Akafunga achari ya ndimu ndani ya mifuko mitatu,
mafuta ya nazi ya kumkanda Sabra akishajifungua,
na kanga mpya ambayo jina lake
hakutaka tulisome kabla ya Sabra.

Saa kumi alfajiri alikuwa macho.
Akapiga pasi buibui. Akaswali. Akaniamsha.
Katana akaja na Probox yake, tukavuka Makupa,
malori yamelala foleni hadi Changamwe,
naye mama nyuma akihesabu kwa vidole:
"Tatu na arobaini niko juu. Nane na arobaini nimetua.
La, ongeza moja, wenzetu wako mbele.
Tisa na arobaini. Ntamkuta hajalala."

Kwenye kaunta palikuwa na kijana, beji yake Mwakio.
Aliitazama tiketi, akamtazama mama, akaitazama tena.
Hakucheka. Hilo namshukuru hadi leo.
"Mama, hii ilikuwa saa tisa ya usiku.
Saa hii ndege yako imeshapita nusu ya njia."

Safari yenyewe saa tano.
Kosa langu saa sita.

Mama hakulia. Aliketi juu ya sanduku,
akafungua mkebe wa mahamri.
Mwakio akakataa, kisha akapokea.
Katana alipewa mawili.
Dada wa kufagia akaacha fagio akala amesimama.
Mimi nilipewa la mwisho, lililobanwa na kifuniko,
bila kutazamwa.

Hapo simu ikalia. Ghalibu, mkwe wetu, sauti imempasuka:
"Amezaliwa! Wa kike! Saa kumi na moja!"
"Kumi na moja ya wapi?" mama akauliza.
Kule kukawa kimya kidogo.
"Ya huku, mama."
"Basi kwetu ni kumi. Nilikuwa napiga pasi."

Nikafanya hesabu haraka, kama mshtakiwa aliyeona mlango:
hata ningeisoma sawa, saa kumi angekuwa angani,
hayuko kwetu, hayuko kwao,
mtoto angezaliwa vilevile bila yeye.
Nikamwambia.
"Ndiyo," akasema. "Lakini ningekuwa naenda."

Tiketi mpya ilikuwa ya Alhamisi ijayo.
Hakunipa niisome. Alimpa Mwakio:
"Nisomee, mwanangu, kwa Kiswahili."
Na Mwakio akasoma polepole,
saa tisa, usiku, wa kuamkia Alhamisi, mama,
ukishakula daku ya watu wasiofunga.
Hapo ndipo alipocheka.

Tulipokwama tena nyuma ya malori pale Changamwe
alivua saa yake mkononi,
akaivuta taji, akaisogeza mbele saa moja.
Wiki ile nzima nyumba yetu ilikuwa na nyakati mbili.
Wali ulipakuliwa watu hawajasikia njaa,
na kila adhana ilipoita msikitini
mama alikuwa dirishani, ushungi kichwani, akiuliza
leo mwadhini amepatwa na nini.